Jina Langu Katika Hitima ya Ujiji

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Tangu nirudi mnanijia mmoja mmoja, huyu asubuhi, yule baada ya alasiri, kila mtu na swali lake. Bibi, ulifika? Bibi, uliliona kaburi? Bibi, mbona unakaa kimya? Nimechoka kurudia. Nimeamua kuandika mara moja tu, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Kuandika nilifundishwa na marehemu mume wangu, fundi cherehani, kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza ya duka. Kwa hiyo msitazame mwandiko, shikeni maneno. Habari za ruhusa na karatasi siandiki. Nilikwenda ofisini, nikakaa juani, nikapewa, imekwisha.

Barazani kwa Kassimu

Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakutana Mbugangari, hapa hapa Gisenyi, barazani kwa Mzee Kassimu, fundi aliyefanya kazi pamoja na mume wangu. Ndicho chama chetu cha nasaba. Tuko watu saba, wazee watupu. Baba zetu na wakwe zetu walikuja huku na biashara, wengine kutoka Tabora, wengine Kasongo, sisi kutoka Ujiji, wakazaa, wakafa, na leo ukimuuliza mtoto jina la babu ya baba yake anakutazama kama umemuomba chumvi ya ziwani. Kwa hiyo tunakumbushana na Kassimu anaandika. Ana kitabu kikubwa cha jalada jeusi. Kwa kila jina anauliza mambo matatu: nani alimzaa, aliishi wapi, na kaburi lake liko wapi na nani aliliona kwa macho.

Hilo la tatu ndilo lililonitoa nyumbani.

Nina dada mkubwa, Mwanaidi. Nilimwacha Ujiji na mama yetu siku nilipoolewa na kuletwa Gisenyi, nikiwa na miaka kumi na sita. Sikuwa nimemaliza miaka miwili hapa, akaja mchuuzi wa chumvi akasema ndui imepita Ujiji, na nyumba ya mama yangu aliikuta imefungwa, haina mtu. Tukakaa matanga. Tangu siku hiyo kila tukifanya hitima nyumbani, msahafu ukishamalizwa na mwalimu akishika ile karatasi ya marehemu wetu ili awaombee kwa majina, husoma jina la mama, kisha la Mwanaidi. Zaidi ya miaka thelathini. Hata ninyi mmeitikia amin mara ngapi, mkiwaza pilau.

Nilipomweleza Kassimu habari ya yule mchuuzi, akaweka kalamu chini.

"Bibi Zaina, ule mutu aliona nyumba. Mi sikuulizi nyumba. Nakuuliza kaburi."

Akaacha nafasi tupu mbele ya jina la dada yangu. Nafasi ile niliiona kila Ijumaa, nyeupe, kama jino lililong'oka.

Lakini siku ileile aliniuliza pia juu yangu mwenyewe. Watoto wangapi? Nikamwambia watatu. Kassimu alikaa kidogo na kalamu hewani. Yeye ndiye aliyemshonea Salima wangu nguo za Idi tangu hajaota meno. Salima ni wa nne, kitinda mimba. Miaka sita iliyopita alikwenda kuishi Mahoko na mtu anayepika pombe ya ndizi, nami nikasema jina lake lisitajwe nyumbani mwangu, na ninyi mnajua kwamba halikutajwa. Kassimu akaandika watatu.

Mwezi uliofuata nikafunga mzigo wangu kwenda kutafuta kaburi la Mwanaidi.

Ziwani mpaka Bukavu

Jumatatu asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka Goma, mzigo kichwani. Ndani mlikuwa na kanga mbili, mkeka wa kusalia, maharage ya kwetu kwa ajili ya sadaka, na ubani wa kufukiza kaburini. Mke wa mwanangu Idi alinisindikiza mpaka mpakani akilia. Nikamwambia arudi kupika, mimi siendi vitani.

Boti iliondoka imejaa kahawa, kuku na watu, kwa utaratibu huo. Kisiwani Idjwi ikasimama kupakia na ikakataa kuwaka tena. Mafundi wawili waliingia chini wakatoka weusi kama sufuria, wakaingia tena, wakatoka. Abiria wakaanza kugawana vyakula. Mama mmoja Mkristo, muuza samaki, alinipa kiazi kitamu cha kuchoma na kuniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuona kaburi la dada. Akasema pole, amekufa lini? Nikamwambia miaka thelathini na kitu. Akanitazama sana, halafu akaniongeza kiazi cha pili. Nadhani alifikiri akili yangu imeanza kwenda.

Tulifika Bukavu Jumanne jioni.

Siku nne za Bukavu

Hapa ndipo habari yenyewe ilipo, ingawa wakati ule sikujua. Someni polepole.

Jumatano asubuhi nilikwenda wanapopakia malori ya kuteremka Uvira. Nilitaka kuwahi meli huko Usumbura, ng'ambo ya Uvira, maana meli ya kwenda Kigoma, bandari ya kuingilia Ujiji, inaondoka mara moja tu kwa wiki, siku ya Ijumaa. Nikamkuta dereva anaitwa Petro, mtu mnene mwenye kofia ya kusuka, ana nafasi moja. Nikapandisha mzigo. Nikaweka mguu kwenye tairi. Ndipo nikaona nitakapokaa: ni juu ya makasha ya pombe, yamepangwa mpaka kwenye kingo za lori.

Nikashusha mguu.

Petro akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mimi ni mtu wa kuswali, naenda kwenye kaburi la dada, siwezi kukalia najisi njia nzima.

"Bibi, pombe iko mu chupa, na chupa iko imefungwa. Haitakurukia mu kinywa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia ateremshe mzigo wangu.

"Bon. Basi ungojee kamyo ya malaika," akasema, na akanishushia mzigo kwa mikono miwili, taratibu, lazima niseme ukweli, wala hakuutupa.

Nilimwona akiondoka, nikajisifu moyoni. Nilijiona nimeshinda.

Lori la malaika halikuja Alhamisi. Ijumaa lilikuja moja, limejaa askari. Jumamosi hakuna. Nililala kwa mjane mmoja wa mtaa wa Kadutu, Mama Bahati, anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wanaopandishwa kwa magunia kutoka Uvira. Alinipa kitanda chake, yeye akalala na watoto. Siku ya kwanza alipika ndagala kwa mawese na sombe, majani ya mihogo, tukala sahani moja. Mimi nina desturi, mnaijua, mnanicheka kila siku: nakata vichwa vya ndagala kabla ya kula na kuvipanga kwenye ukingo wa sahani, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikitazama nje. Mama yetu ndivyo alivyotufundisha mimi na Mwanaidi, ili akirudi kutoka sokoni ajue kila mmoja amekula wangapi na nani amemdhulumu mwenzake. Mama Bahati aliviangalia vile vichwa.

"Bibi, uko unafungua soko ku sahani?"

Nikamwambia kula, chakula kinapoa. Lakini nilicheka kidogo, na sikuwa nimecheka tangu Gisenyi.

Alikuwa mwema kwangu. Nilimfokea mara mbili kwa sababu anaacha maji ya kunywa wazi, na mara zote mbili akafunika bila neno.

Kuteremka

Jumapili lilipatikana lori la mbao na viazi. Nikakaa juu ya viazi, safi kabisa, roho imetulia. Njia ya kuteremka bondeni ni nyembamba, gari mbili hazipishani, kwa hiyo kuna kizuizi. Wanaopanda wapite kwanza, halafu wanaoteremka. Tulingoja kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Kijana mmoja aliyeoa karibuni alikuwa na mke mja mzito anayetapika, nikamkatia ndimu niliyokuwa nayo, nikamwambia anuse asile. Akala. Akatapika juu ya kanga yangu. Watu wa siku hizi.

Nilifika Usumbura Jumatatu. Meli ilikuwa imekwenda tangu Ijumaa, kama nilivyojua. Nikangoja nyingine kwa Waislamu wa mtaa wa Waswahili, nikiwasaidia kupepeta mchele, mpaka Ijumaa ya pili. Joto la kule si la watu wa Gisenyi. Nilikuwa nakaa kwenye beseni la kufulia, miguu ndani ya maji, kama bata.

Hesabuni wenyewe. Kama ningekaa juu ya yale makasha ya Petro Jumatano, Alhamisi ningekuwa Usumbura na Ijumaa ningekuwa melini. Ningefika Ujiji wiki nzima kabla.

Ujiji

Meli ilifika Kigoma Jumamosi asubuhi. Kutoka hapo nilitembea na wanawake wanaopeleka mihogo, tukaingia Ujiji adhuhuri inaadhiniwa. Sikutambua kitu. Niliondoka msichana, nyumba zilikuwa za makuti. Sasa mabati kila mahali. Nikaswali, kisha nikamuuliza mzee mmoja mlangoni mwa msikiti: nawatafuta watu wa Ramadhani Feruzi, yaani baba yangu, nataka nionyeshwe makaburi yao.

Akanionyesha nyumba yenye watu wengi nje. Akasema, "Hao hapo, wana hitima leo. Ingia tu, mama, dua haina mwaliko."

Nikafurahi. Nilifikiri, basi bado kuna ukoo, na bado wanasoma. Nikaingia upande wa wanawake, nikaketi kwenye mkeka karibu na mlango, kanga usoni kwa sababu ya vumbi. Hakuna aliyeniuliza. Kisomo kikaisha. Mwalimu, upande wa wanaume, akaanza kusoma karatasi ya marehemu. Jina la kwanza nililosikia ni Mwanaidi binti Ramadhani. Nikaitikia amin na moyo wangu ukatulia, nikasema, kumbe na huku wanamsoma kama sisi, ni yuleyule, alikufa kwa ndui, kaburi lake litakuwa hapa hapa, Kassimu atajaza nafasi yake. Likafuata la mama. Amin. Likafuata la baba. Amin.

Kisha mwalimu akasoma: "Na Zaina binti Ramadhani, aliyefia Ruanda."

Wanawake wote wakasema amin. Na mimi nikasema amin. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

Sikusimama. Sikulia. Mkono wangu mmoja nikauweka juu ya mwingine, nikauona una joto. Nilikaa vile mpaka chakula kikaletwa.

Kilikuwa wali na dagaa, ndio hao ndagala wetu, wao wanawaita dagaa. Tulikuwa watano kwenye sinia. Nikala, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kula. Mwanamke aliyekuwa akigawa mchuzi, makamo ya Idi wangu, mnene, macho yamevimba kwa kulia, akasimama mbele ya sinia letu na kata mkononi. Mchuzi ukawa unadondoka kwenye mkeka. Alikuwa anatazama ukingo wa sinia upande wangu.

"Mama, nani amekufundisha kupanga vichwa hivyo?"

Nikamwambia mama yangu.

"Umetoka wapi?"

"Ruanda."

Akakaa chini pale pale, na kata yake. Akaniambia yeye ni Mwajuma, mtoto wa Mwanaidi. Nikamuuliza, mama yako alikufa ukiwa na umri gani, maana nilihesabu ndui na miaka yake na haikukubali. Akanitazama kama asiyeelewa lugha.

"Tumemzika juzi Alhamisi, mama mdogo. Hii ndiyo hitima ya siku ya tatu."

Ninyi vijana mnapenda niseme nilihisi nini. Sitasema. Nitaandika alichosema yeye. Alisema ndui ilimchukua bibi yake peke yake, na Mwanaidi alihamia kwa mumewe mtaa wa pili, ndiyo maana mchuuzi aliikuta nyumba imefungwa. Mtaa wa pili. Mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. Alisema Mwanaidi alikuwa akinitaja kila Idi, na akipika dagaa alipanga vichwa vyake upande mmoja, halafu anageuza sahani na kuacha upande wa pili mtupu, na watoto wakajua ule ni upande wa Zaina, hawaugusi. Mpaka wakati wa vita kuu, wakaja watu kutoka Ruanda wakasema njaa imemaliza nchi, na upande wa Gisenyi hakuna mtu. Mwanaidi alingoja mwaka mzima. Halafu akamwambia mwalimu, mtie kwenye karatasi.

Nikauliza kwa ukali, ukali ni wangu, hata msibani: "Na hakuna aliyekuja kutazama?"

Mwajuma akafuta macho. "Nani angekuja, mama mdogo? Na huko kwenu, nani alikuja?"

Nikamuuliza, ile meli ya Jumamosi iliyopita ilipoingia, mama yake alikuwaje. Akasema alikuwa mzima. Alikuwa kibarazani anachambua mchele na kulalamika kwamba una chenga nyingi, na meli ilipopiga honi akasema, wageni wa watu hao wanakuja. Homa ilimshika Jumanne.

Tulikwenda kaburini jioni ileile, yeye na mimi. Udongo ulikuwa bado mwekundu, una alama za majembe. Nikafukiza ubani niliotoka nao Gisenyi kwa ajili ya kaburi la zamani. Kaburi la mama liko hatua nne kutoka hapo, limeota nyasi, nikaling'olea. Kisha nikamweleza Mwajuma habari ya lori la Petro, yote, maana sikutaka anipokee kama mtu asiye na kosa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu.

"Chupa zilikuwa zimefungwa?"

"Zimefungwa."

Alinishika mkono kuniinua.

Nilikaa kwake siku kumi. Alinipa kitanda cha mama yake. Maharage yangu tuliyapika, yakawa sadaka kama nilivyokusudia. Hitima ya siku ya saba mwalimu alisoma karatasi, akafika penye jina langu, akasita, akaninong'oneza kupitia pazia kwamba amelikata kwa wino. Nikamwambia ahsante. Usiku na mchana nilikuwa nikifikiri juu ya Mwanaidi akigeuza sahani.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Meli, joto, Usumbura, Uvira. Uvira nikakuta lori moja tu la kupanda Bukavu, na juu yake kofia ya kusuka. Petro alikuwa anarudisha chupa tupu, makasha mpaka kwenye kingo. Akanitambua.

"Bibi, leo hakuna kitu mundani. Watu wamekwisha kunywa yote."

Watu wakacheka tena. Nikamkabidhi mzigo, nikaweka mguu kwenye tairi, nikapanda, nikakaa juu ya makasha. Chupa zilipigana chini yangu njia nzima. Harufu yake ni mbaya, sitadanganya. Tulipofika kwenye kizuizi Petro alikuja nyuma akaniuliza kama kaburi la dada nililiona. Nikamwambia nililiona. Hakutania tena. Alinivulia koti lake nikalie.

Mama Bahati nilimpelekea dagaa wa Ujiji. Nilimkuta amefunika maji.

Nilifika Gisenyi Ijumaa, sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Kassimu na mzigo wangu, wote saba tukawa tumetimia. Akafungua kitabu penye ile nafasi. Nikamwambia andika: kaburi liko Ujiji, nyuma ya msikiti, jirani na la mama yake. Akauliza nani aliliona. Nikasema mimi. Akauliza lilikuwa la miaka mingapi. Nikasema siku tatu. Cherehani ya jirani niliisikia ikisimama.

Kassimu akapuliza wino ukauke, akataka kufunga kitabu. Nikamwambia asifunge. Rudi kwenye ukurasa wangu. Watoto si watatu, ni wanne. Wa nne ni Salima, yuko hai, anakaa Mahoko. Akaandika, na hakunitazama, na ninamshukuru kwa hilo.

Kisha nikaja nyumbani. Wengi wenu mlikuwapo, mlisikia, lakini naandika ili msije mkasema sikusema hivi. Nilimwita Idi, mke wake na wote waliolala chini ya paa hili, nikawaambia mambo mawili. La kwanza, jina lolote ambalo hakuna kati yetu aliyeliona kaburi lake litolewe kwenye karatasi ya marehemu, liombewe katika dua ya wasafiri, mpaka mtu aende akatazame. La pili, kesho asubuhi Idi na mke wake waende Mahoko wakamlete Salima, pamoja na mume wake, pamoja na watoto ambao sijui hata majina yao. Na wapande gari la kwanza litakalotoka Mbugangari, hata kama limejaa pombe mpaka juu.